Kabla ya Kununua Mashine Nyingine, Jenga Meza ya Kazi

Leo sizungumzii mbegu, mbolea wala bei ya nyanya. Nazungumzia meza. Najua mwingine ataguna: bwana shamba na meza wapi na wapi? Hebu nisikilize kwanza, halafu tubishane.

Msimamo wangu ni huu. Kijana anayelima kibiashara, mwenye pampu ya maji, mabomba mawili matatu ya kupulizia dawa na pawatila ya kwake au ya kikundi, anahitaji meza ya kazi nyumbani kabla ya kuongeza mashine nyingine yoyote. Nasema meza nzito isiyotikisika, yenye jiliwa na nafasi ya kufungia zana tofauti kwa zamu. Kameza ka kuwekea chai hakahesabiki. Ukiniambia una akiba na unataka kununua mashine ya pili ya kupukuchua mahindi, nitakuuliza: ile ya kwanza ikikatika bolti saa nne asubuhi, unaifungulia wapi? Kama jibu ni "chini, kwenye turubai," basi hiyo hela ya mashine ya pili kata kipande ujenge meza.

Hasara haiko kwenye kipuri, iko kwenye siku

Vijana wengi mnapiga hesabu ya ubovu kwa bei ya kipuri. Mpira wa bomba umekatika, mpira ni bei ndogo, basi hasara ni ndogo. Hesabu hiyo haijakamilika. Kipuri ni sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni siku.

Tuseme una ekari mbili za nyanya zimeanza kutoa maua, na pampu imeanza kuvuja kwenye sili ya shafti. Unaifunga kwenye bodaboda, unaipeleka mjini. Fundi ana foleni, maana msimu huu kila mtu pampu yake imeharibika. Anakwambia urudi kesho kutwa. Unarudi, kumbe sili aliyonunua si saizi yake. Siku ya nne ndiyo pampu inarudi shambani. Sasa nyanya iliyokosa maji siku nne kwenye jua, halafu ikamwagiwa maji mengi kwa mpigo, inaanza kuoza kitako. Ugonjwa ule mnaoniitia kila mwaka mkidhani ni fangasi, mkamwaga dawa bure, mara nyingi chanzo chake ni kumwagilia kusikoeleweka: mmea unashindwa kupeleka kalisiamu ya kutosha kwenye tunda. Matunda yenye doa jeusi chini dalali hayataki. Piga hesabu ya makreti uliyopoteza, uongeze nauli ya bodaboda safari mbili na kibarua uliyemlipa akakaa tu. Ile sili yenyewe ungeinunua kwa hela ya vocha.

Mahindi ni vilevile. Sisi tunaotegemea mvua tunajua kwamba siku za kupanda ni chache. Mvua ya kwanza ikishika, pawatila inatakiwa iwe shambani, si juu ya mawe mawili uani huku mnatafuta spana namba 17 kwa jirani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kilimo cha mashine, ufa ni ile nati iliyolegea mwezi wa nane, na ukuta ni shafti iliyopinda mwezi wa kumi na mbili.

"Lakini mimi ni mkulima, si fundi"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi, na naiheshimu. Fundi anakula kwa kazi yake, na zipo kazi ambazo lazima umwachie. Pampu ya dizeli ya kwenye injini usiiguse. Hata kuchonga silinda, kuchomelea shafti inayozunguka kwa kasi na kufungua giaboksi kama hujawahi kufundishwa ni kazi za fundi mwenye vifaa na uzoefu. Mimi mwenyewe nikiona kijana anafungua giaboksi kwa mara ya kwanza peke yake, namwambia afunge.

Ila nikitazama mashine zinazosimama kwenye kata ninazozungukia, nyingi hazikusimama kwa sababu ya injini. Zimesimama kwa mkanda uliolegea, beringi iliyoliwa, bolti iliyokatika, mpini uliovunjika, mpira wa bomba uliokauka au nozeli iliyoziba. Kazi hizi hazihitaji cheti. Kinachotakiwa ni mikono miwili, mwanga na kitu cha kushikilia chuma kisikimbie. Kitu hicho ndicho meza yenye jiliwa.

Isitoshe, ufundi wa zana haukuwahi kuwa mbali na mkulima wa nchi hii. Wafipa kule Rukwa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo na kufua majembe hukohuko vijijini, muda mrefu kabla ya jembe la dukani kufika. Aliyelima alijua jembe lake lilitoka wapi na nani atalinoa. Leo tumenunua mashine, lakini ule ukaribu na zana tumeuacha.

Na ule msemo wa mchagua jembe si mkulima msiuelewe vibaya. Unamsema mvivu anayesingizia zana. Haumzuii mtu kutunza jembe lake.

Meza yenyewe

Sasa tuje kwenye kazi. Nitaeleza meza ya mbao, kwa sababu mbao zinapatikana kila mahali na seremala wa kijijini anaweza kukusaidia. Mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kutumia chuma cha engo, vipimo ni vilevile.

Saizi ninayoipendekeza ni urefu futi 6 na upana inchi 30. Ikizidi upana huo, mkono haufiki nyuma, na kitu kikishaingia kule hakitoki. Kimo usininukuu mimi, pima mwili wako. Simama wima, achia mikono, na uso wa meza uwe usawa wa kifundo cha mkono. Kwa watu wengi inaangukia kati ya inchi 32 na 36. Meza fupi itakuumiza mgongo, na mgongo huo unauhitaji shambani. Kwa mfano huu tuchukue inchi 34.

Mbao zinazotosha, zote za futi 12, ni hizi:

Mbao 1 ya 4 kwa 4. Inatoa miguu 4 ya inchi 32, na kipande kidogo kinabaki.

Mbao 4 za 2 kwa 4. Mbili zinatoa mbao ndefu 4 za futi 5 na nusu kwa ajili ya fremu ya juu na ya chini. Ya tatu inatoa mbao fupi 4 za inchi 26. Ya nne ni ya mkingamo wa nyuma.

Mbao 3 za 2 kwa 6. Zikikatwa katikati zinatoa vipande 6 vya futi 6. Vitano ni uso wa meza, maana 5 mara inchi 6 ni inchi 30. Cha sita usikitupe, nitakwambia kazi yake.

Mbao 2 za 1 kwa 8 kwa ajili ya rafu ya chini.

Bolti za milimita 10 zenye urefu wa inchi 7, vipande 24, kila moja na washa mbili. Misumari ya inchi 5 kwa fremu na ya inchi 4 kwa uso.

Mbao gani? Paini inatosha, hasa kwa nyie wa Nyanda za Juu Kusini ambao Mufindi na shamba la Sao Hill ni majirani zenu. Mkaratusi ni mzito na imara, lakini ukiwa mbichi unapinda na kupasuka, kwa hiyo hakikisha umekauka. Mninga ni mbao ya kitanda cha bibi harusi, usiuharibie hapa. Ukinunua mbao mbichi, zipange kivulini kwa wiki kadhaa, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Ukizianika juani zitakunja kama chapati.

Fremu funga kwa bolti. Meza ya kazi inapigwa nyundo, inavutwa na kusukumwa kila siku, na msumari mtupu unalegea. Kila kiungo cha mbao ndefu na mguu weka bolti 2. Kila kiungo cha mbao fupi weka bolti 1 katikati na misumari 2. Hapo tobo zinapishana ndani ya mguu na bolti hazigongani. Mbao ndefu zikae mbele na nyuma ya miguu, fupi zikae ubavuni. Ukifanya hivyo, fremu ya mbele inakuwa sawasawa na ukingo wa meza, na unaweza kubana ubao wowote hapo kwa klempu.

Mkingamo wa nyuma usiuache. Ni ile mbao inayopita mshazari kutoka kona ya chini ya mguu mmoja hadi kona ya juu ya mguu mwingine. Bila hiyo, meza itayumba kushoto na kulia kama mlevi, hata ungeweka bolti mia. Rafu ya chini nayo jaza vitu vizito: vipande vya chuma, jiki, ndoo ya mchanga. Uzito ndio unaotuliza meza.

Miguu usiisimamishe kwenye udongo. Mchwa wetu mnawajua. Weka kila mguu juu ya tofali la saruji au jiwe bapa, na pima maji ya fundi ujenzi ithibitishe kwamba uso uko sawa.

Meza moja, zana nyingi

Hapa ndipo kipande cha sita cha 2 kwa 6 kinapopata kazi. Watu wengi wakipata hela wanafunga kila mashine moja kwa moja kwenye meza. Grainda huku, drili kule, jiliwa katikati. Mwisho wa siku meza yote imejaa na hakuna pa kuweka hata karbureta.

Mimi napendekeza mtindo wa vibao vya kubadilisha. Chukua kile kipande cha futi 6, kikate vipande 6 vya takribani inchi 12. Unganisha viwiliviwili kwa vipande vya 1 kwa 8 vilivyobaki, ukivipigilia juu. Hapo unapata vibao 3 vya takribani inchi 12 kwa 12. Kwenye kila kibao toboa tundu 4 kwa umbali uleule, tuseme inchi 8 kutoka tundu hadi tundu, pembe nne. Tumia kiolezo kimoja cha bati ili vibao vyote vilingane. Halafu sehemu moja ya meza, karibu na mguu, toboa tundu 4 zinazofanana.

Kibao cha kwanza kinabeba grainda ya mezani ya kunolea. Cha pili kinabeba stendi ya drili. Cha tatu kinabeba kipande cha bamba nene la chuma kutoka kwa muuza skrepa, kwa ajili ya kugongea na kunyooshea. Unapotaka kunoa, unafunga kibao cha kwanza kwa bolti 4. Ukimaliza, kinarudi rafuni. Dakika tatu tu, na meza yako imebaki kubwa. Na hapo kwenye bamba la kugongea, mtu akikuletea kipande cha reli kwa bei ya kutupa, mkatalie. Ule ni wizi wa miundombinu ya umma na utakuingiza matatani.

Kitu kimoja tu ndicho hakihami: jiliwa, au vaisi kama mnavyoiita gereji. Likae juu ya mguu wa mbele, kwenye kona, si katikati ya uso unaodunda. Lifunge kwa bolti zinazopita mbao yote, na washa pana chini. Taya lisilotembea litokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kushikwa wima kikapita mbele ya mbao. Jiliwa la taya ya inchi 4 hadi 6 linatosha kazi za shamba. Ukilazimika kuchagua kitu kimoja cha kununua kipya na kizuri, nunua hili.

Maarifa matatu yanayolipa hela ya meza

Kwanza, jifunze kusoma beringi. Ukiipangusa utaona namba imechongwa ubavuni. Beringi nyingi za mashine zetu zinaanza na 62. Kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, unapata kipenyo cha shafti kwa milimita. 6204 ni shafti ya milimita 20, na 6205 ni milimita 25. Ukienda dukani na namba, huuziwi kitu kisichoingia. Ukienda na maneno "beringi ya mashine ya kupukuchua," utarudi tena kesho.

Pili, mkanda. Mikanda ya pembe inayotumika sana kwetu ni ya A na B. A ina upana wa juu wa milimita 13, B ina milimita 17. Mkanda wa A kwenye puli ya B unazama chini, unateleza, unanuka kuungua. Na kabla hujalaumu mkanda, chukua kamba, ivute kupita nyuso za puli mbili. Kama kamba haigusi kingo zote sawasawa, puli zimepishana, na hata mkanda mpya utaliwa.

Tatu, bolti. Tazama kichwa chake. Iliyoandikwa 8.8 ni ngumu, isiyo na alama mara nyingi ni laini. Usidhani ngumu ndiyo bora kila mahali. Zana nyingine zimewekewa bolti ya kukatika makusudi ili kulinda giaboksi zana inapogonga kisiki. Ukiweka ngumu hapo, bolti itapona na giaboksi itakufa. Rudisha ya aina ileile aliyoweka mtengenezaji.

Vitu nisivyotaka kuviona kwenye meza yako

Hapa naomba tuongee kama watu wazima. Meza hii inaweza kukuokolea msimu, na inaweza kukuondolea vidole.

Sitaki kuona msumeno wa umeme wa mkono umegeuzwa miguu juu na kufungwa chini ya meza, kava limetolewa na swichi imefungwa kwa kamba iwake muda wote. Najua unaonekana ujanja mkubwa. Lakini msumeno ule umetengenezwa ushikwe mkononi, ukiachia swichi uzime. Ukiugeuza hivyo, bapa liko wazi na hakuna kinachozuia mbao kubana bapa na kurushwa kifuani kwako. Mbao za kuchana mpelekee mwenye mashine ya kuchania. Mkulima hachani mbao kila siku.

Sitaki kuona bapa la meno la kukatia mbao limefungwa kwenye grainda ya mkono. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka hadi mara 11,000 kwa dakika hivi. Bapa la meno likinasa kwenye mbao, grainda inaruka kabla hujafikiri, na mara nyingi inaruka kuelekea paja au shingo. Hata diski za kawaida soma kasi iliyoandikwa: isiwe chini ya kasi ya grainda yako. Na kava halitolewi, hata kama fundi wa barabarani kalitoa.

Kwenye grainda ya mezani, kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likilia kwa sauti safi ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, tupa. Nafasi kati ya jiwe na kile kiegemeo cha mbele isizidi milimita 3, vinginevyo panga itavutwa ndani. Ukinoa, chovya chuma majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya bluu yamepoteza ugumu, utakuwa unanoa kila siku.

Kwenye drili usivae glavu, wala shuka au kanga inayoning'inia. Glavu ikinaswa inaondoka na mkono. Miwani ya kazi vaa kila unaposaga au kutoboa. Miwani ile inauzwa rahisi kuliko nauli moja ya kwenda kliniki ya macho.

Umeme, moto na dawa

Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000 hivi. Grainda ya mkono inaweza kula 900 na drili 600, hapo huna shida. Shida inaanza ukichomeka mashine ya kuchomelea kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Waya unapata moto, na bati lako limeezekwa juu ya mbao kavu. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake, yenye sakiti breka na waya wa ethi. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote kabla ya kuitumia kwa mzigo mkubwa.

Meza isikae kwenye ghala la mahindi, karibu na majani ya ng'ombe wala karibu na dumu la petroli. Cheche za grainda zinasafiri mita kadhaa. Na tafadhali sana, pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usilikate wala kulichomelea, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki ndani unalipuka kama bomu.

Mabomba ya dawa yasipande mezani kabla ya kuoshwa mara tatu, na maji ya kuoshea yamwagwe shambani ulikopulizia, si uani kwa kuku. Nozeli iliyoziba isafishe kwa brashi laini na maji. Usiingize waya, utapanua tundu na dawa itatoka nyingi kuliko kipimo. Na usipulize kwa mdomo. Najua mnafanya hivyo, nimewaona.

Vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa visiende jikoni. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu kwa mama na watoto.

Anza na nini

Wengi wenu hamtakuwa na hela ya vitu vyote kwa mara moja, na haina haja. Msimu wa kwanza jenga meza, funga jiliwa, nunua seti nzuri ya spana, msumeno wa chuma, tupa mbili, nyundo na grisi. Umeme hauhusiki hapo, kwa hiyo hata aliye mbali na nguzo anaanza. Msimu wa pili ongeza drili na miwani. Msimu wa tatu ndiyo grainda ya mezani. Zana za bei chee zinazometa sokoni ziogope, hasa spana. Spana laini inapanuka mdomo, inakata kona za nati, halafu nati haitoki tena.

Mkiwa kikundi, meza moja inaweza kuhudumia watu watano sita, mradi kuna daftari la nani kachukua nini na mmoja anayeshika ufunguo. Bila daftari, biti za drili zitaisha ndani ya mwezi. Anayetaka kujifunza zaidi aulizie kozi fupi za chuo cha VETA kilicho karibu naye, au ofisi ya SIDO ya mkoa. Waliopo Arusha wanayo CAMARTEC, ambayo kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia za vijijini.

Najua bado kuna atakayesema fundi yupo, kwa nini nihangaike. Sawa. Lakini fundi huyohuyo ukimpelekea beringi ambayo tayari umeitoa, umeisafisha na umeisoma namba, atakuhudumia haraka kuliko aliyeleta mashine nzima yenye matope. Fundi mwenyewe anapungukiwa foleni, hakosi kazi.

Wakati mzuri ni huu baada ya mavuno. Hela kidogo ipo, jua linakausha mbao, seremala hana foleni, na mashine zote zimepumzika. Chukua kila mashine uliyonayo, ipandishe mezani moja baada ya nyingine, ifungue, isafishe, andika kwenye daftari kipuri kilichochoka, na kinunue sasa hivi wakati duka limejaa. Mvua ikipiga, wewe uwe unapanda.